Msaada Ndani ya Dirisha: Uganda, Msomaji na Faili za Maelezo za Vim

Ikisiri

Maelezo yanayofungwa ndani ya programu za kompyuta husomwa na watu wengi, lakini ni nadra kuchukuliwa kuwa matini inayostahili uhakiki. Makala hii inahakiki faili za maelezo za Vim, programu ya kuhariri matini iliyoasisiwa na Bram Moolenaar, Mholanzi, mwaka 1991. Inajikita katika faili moja, yaani uganda.txt, inayobeba kwa pamoja masharti ya kunakili programu hiyo na habari za kituo cha watoto cha Kibaale, kusini mwa Uganda. Hoja yetu ni kwamba namna dirisha la maelezo linavyomwongoza msomaji ni sehemu ya maana ya matini yenyewe, na kwamba mwendo huo unamweka Mganda katika nafasi ya anayesimuliwa badala ya anayesemeshwa. Tunaonyesha pia kuwa tafsiri ya faili hiyo kwa Kiswahili ingelazimika kufanya uamuzi ambao matini ya Kiingereza imeuepuka, hususani kuhusu istilahi, njeo, mahali na majina ya ukoo.

1.0 Utangulizi

Anayefungua Vim bila kutaja faili hulakiwa na skrini iliyo takribani tupu. Katikati kuna mistari michache: jina la programu, toleo lake, jina la mwandishi na amri chache za kuanzia. Miongoni mwake kuna mwaliko wa kuwasaidia watoto maskini wa Uganda, ambao hupokezana nafasi na tangazo la kuwaomba watumiaji waugharimie uendelezaji wa programu. Mistari michache chini yake msomaji anaelekezwa aandike amri ya :help, au abonyeze kitufe cha F1, ili apate maelezo. Kwa hiyo neno moja la Kiingereza linatumika mara mbili katika skrini moja. Mara ya kwanza mtumiaji ndiye anayeombwa atoe msaada, na mara ya pili ndiye anayeupokea.

Hatuoni kwamba mkutano huo wa maneno ulikusudiwa kisanaa. Hata hivyo, uhakiki haudai kusudi. Unadai tuonyeshe jinsi matini inavyofanya kazi mbele ya msomaji. Matini tunayoitumia ni ile ya toleo la 9.0, lililotolewa Juni 2022. Hilo ndilo toleo kuu la mwisho kutolewa Moolenaar akiwa hai. Alifariki Agosti 2023, na toleo la 9.1 la Januari 2024 likatolewa kwa kumbukumbu yake.

2.0 Dirisha na mwendo wa msomaji

Amri ya :help haimtoi msomaji katika kazi yake. Huigawa skrini mara mbili: juu hukaa maelezo, chini hubaki ile faili aliyokuwa akiiandika. Dirisha la maelezo ni dirisha kama mengine. Vitufe vinavyomhamisha mtumiaji katika barua au shairi lake vinamhamisha pia humo, na njia ya kutafuta neno ni ileile. Tofauti ni moja, nayo ni kubwa: matini ya maelezo imefungwa dhidi ya mabadiliko. Ndani ya programu iliyoundwa kwa ajili ya kuandika, hii ndiyo sehemu ambayo mtumiaji amefanywa msomaji tu.

Usomaji huo haufuati mstari ulionyooka. Kila mada ina lebo, yaani jina lililozungushiwa nyota, na kila mahali mada hiyo inapotajwa kwingine jina lake huwekwa kati ya pau mbili za wima. Msomaji huweka kielekezi juu ya jina hilo, akabonyeza Ctrl pamoja na mabano ya mraba ya kufunga, na mara moja hurushwa hadi ilipo lebo. Kwa Ctrl na T, au Ctrl na O, hurudi alikotoka. Anayekumbuka nusu tu ya jina huiandika baada ya :help, kisha akabonyeza Ctrl na D ili aone majina yote yanayofanana nalo. Asiyejua jina lolote hutumia :helpgrep, amri inayopekua faili zote za maelezo na kumpa orodha ya mahali neno linapopatikana.

Lebo hizo zina sarufi yake. Jina la chaguo huandikwa ndani ya alama moja za kunukuu, na jina la amri hutanguliwa na nukta pacha. Kitufe kinachotumika wakati wa kuingiza maandishi hutanguliwa na herufi i na mstari wa chini. Hata ujumbe wa kosa una namba yake, na namba hiyo ni lebo: aliyezuiwa kutoka kwa sababu hajahifadhi kazi yake anaweza kuandika :help E37 akasomewa kosa lake. Matokeo yake ni kwamba ili usaidiwe ni lazima kwanza ujue kuomba, na kuomba kwenyewe kuna lugha yake. Mwenye kuijua hufika kwa hatua moja. Asiyeijua hubisha hodi penye milango mingi.

Waandishi wa Vim waliliona tatizo hilo, ndiyo maana maelezo yamegawika sehemu mbili. Kuna mwongozo wa mtumiaji, ambao kwa sehemu unatokana na kitabu cha Steve Oualline kilichochapishwa mwaka 2001, na ambao unaweza kusomwa tangu mwanzo hadi mwisho. Kisha kuna marejeleo, ambayo hupekuliwa kama kamusi. Faili ya uganda.txt haimo katika mwongozo wa mtumiaji, wala haifundishi kitufe chochote. Tuone basi msomaji huifikiaje.

3.0 Uganda kama lebo

Njia ya kwanza ni ile ya skrini ya mwanzo, ambayo humwelekeza msomaji aandike :help iccf. Herufi hizo ni za asasi ya Kiholanzi iliyokuwa ikikusanya michango kwa ajili ya Kibaale. Njia ya pili ndiyo inayotuvutia zaidi. Mtu anayetaka kujua kama anaruhusiwa kuinakili programu, kuigawa au kuibadilisha, ataandika :help copying, :help copyright au :help license. Lebo zote tatu zimewekwa kwenye mstari mmoja na lebo ya uganda, mwanzoni mwa faili yenye jina la nchi hiyo. Aliyekuja kutafuta sheria anajikuta Uganda. Kabla hajafika kwenye vifungu vya leseni anasoma muhtasari unaosema kuwa anaweza kuitumia programu apendavyo, ila anahimizwa kuchangia watoto wenye shida. Baada ya vifungu vya leseni ndipo Kibaale yenyewe inaelezwa.

Mpangilio huu una uzito. Leseni kwa kawaida ni matini ya haki na makatazo. Hapa imezingirwa na ombi, na ombi hilo halina nguvu ya kisheria. Msomaji haambiwi kwamba asipotoa amevunja sharti. Anaachwa na deni la heshima. Mwanafunzi wa ushairi wa Kiswahili ataukumbuka utaratibu wa tenzi, ambapo mtunzi akifika tamati humgeukia msomaji na kumwomba dua, wakati mwingine pamoja na kumwomba ayarekebishe makosa ya kazi yake. Utenzi hauuzwi kwa dua hiyo, lakini aliyeusoma anajua amekula cha mtu.

Kuna tofauti moja ya msingi. Mtunzi wa utenzi hujiombea mwenyewe. Moolenaar aliwaombea wengine, nao hawasemi. Ili kuupima ukimya huo, tulinganishe na programu nyingine ya kuhariri matini, Emacs. Mwongozo wake nao umefungwa ndani ya programu, nao pia umebeba tamko la kimaadili: Ilani ya GNU ya Richard Stallman, iliyochapishwa mwaka 1985. Ilani hiyo humsemesha mwandishi wa programu kuhusu uhuru wake na wajibu wake kwa waandishi wenzake. Anayesema na anayesemeshwa ni watu wa daraja moja. Katika faili ya Vim pande ni tatu: anayesema, anayesemeshwa, na anayesemewa.

4.0 Msomaji aliyekusudiwa

Wolfgang Iser alitufundisha kumtafuta msomaji aliyejengwa ndani ya matini, ambaye si lazima awe sawa na msomaji wa nyama na damu. Msomaji aliyejengwa katika maelezo ya Vim anaweza kutambuliwa kwa utani wake. Akiandika :help 42 hukutana na mzaha uliotokana na riwaya ya Douglas Adams. Akiandika :help holy-grail hujibiwa kwa dokezo la hadithi za Mfalme Arthur na filamu ya Monty Python. Akiandika :help na alama ya mshangao bila mada yoyote, programu humtuliza kwa maneno ya Adams yuleyule. Utani huu ni wa watu waliokulia katika maktaba na vipindi vya televisheni vya aina moja. Haumkatazi mgeni kuingia, lakini humjulisha kwamba wenyeji walikuwapo kabla yake.

Katika mkusanyiko huohuo wa lebo, 42 na uganda ni majirani. Moja hudai utambuzi: msomaji anatarajiwa kucheka kwa sababu tayari anajua. Nyingine huanza kwa kueleza Kibaale iko wapi: mji mdogo kusini mwa Uganda, karibu na Tanzania, katika Afrika Mashariki. Inamchukulia msomaji kuwa hajui. Mtu wa Masaka, Kyotera au Bukoba anapoisoma sentensi hiyo anasomewa nyumbani kwake kana kwamba ni mbali. Mtu huyo pia ana jambo la kuongeza ambalo matini haikulihitaji: kwamba Kibaale hii ya Rakai haipaswi kuchanganywa na wilaya ya Kibaale iliyo magharibi mwa nchi.

Utendi wa Mwana Kupona wa mwaka 1858 unatupatia kipimo kingine. Nao ni matini ya mafunzo, lakini anayefunzwa yumo ndani: binti anaitwa, anasogezwa karibu, anapewa wosia. Wasomaji waliofuata wote huusoma wakiwa wamekaa nyuma ya binti huyo. Katika uganda.txt mafunzo na mapenzi vimetenganishwa. Anayefundishwa ni mtumiaji wa programu, na anayependwa ni mtoto wa Kibaale. Hakuna mahali ambapo mtoto huyo anafikiriwa kuwa anaweza siku moja kuandika :help mwenyewe.

Haki inadai tuseme pia yale yanayoitetea faili hii. Kwanza, mwandishi wake hakuisimulia Kibaale kwa kusikia. Mwaka 1994 alifanya kazi huko kama mhandisi wa maji na usafi wa mazingira, na faili inataja jambo dhahiri alilolishughulikia: utengenezaji wa sakafu za saruji za vyoo, zilizouzwa kwa bei iliyo chini ya gharama. Pili, hakuishia kwenye huruma ya jumla. Alitaja mji, kituo, shule na zahanati, akaeleza mchango unapita wapi. Tatu, faili inakiri kwamba yatima wengi wanalelewa na jamaa zao, na kwamba katika eneo hilo chakula kipo ijapokuwa watu ni maskini. Hiyo si picha ya Afrika iliyokaa tu ikingoja. Udhaifu tunaouona haumo katika nia. Umo katika nafsi za sarufi: mimi niliyekwenda, wewe unayeweza kutoa, wao wanaohitaji.

5.0 Yale ambayo Kiswahili kingelazimika kuyaamua

Vim ina utaratibu wa kupokea maelezo katika lugha nyingine. Faili iliyotafsiriwa hukaa pamoja na ile ya Kiingereza, ikiwa na kiambishi cha jina kinachotokana na msimbo wa lugha. Chaguo liitwalo helplang huamua lugha ipi itangulie. Kijapani, Kichina, Kifaransa na Kiitaliano ni baadhi ya lugha zilizokwisha kuingia kwa njia hiyo. Kwa kanuni hiyohiyo faili yetu ingeitwa uganda.swx. Kazi kama hii si ngeni kwetu: mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice mwaka 2004. Hebu basi tukae mezani na mfasiri wa faili hiyo.

Uamuzi wa kwanza ni neno lenyewe la msaada. Programu zilizotafsiriwa zimezoea kuliweka kwenye menyu. Ila kwa msomaji wa Afrika Mashariki neno hilo limebeba miongo ya mikutano na wafadhili, mabango ya miradi na magunia yenye nembo za ng'ambo. Tukiliacha litumike kotekote, kama Kiingereza kinavyofanya, skrini ya mwanzo ya Vim itasomeka kana kwamba mtumiaji naye ni mpokeaji wa mradi. Tunapendekeza dirisha liitwe la maelezo, kitabu kiitwe mwongozo, na msaada ubaki kwa kile kinachotolewa na mtu kwa mtu. Kuhusu vinyambuliwa vyake, mfasiri awe macho zaidi: kusaidiana kungefaa sana, lakini kujisaidia, hasa katika matini inayozungumzia vyoo, kungempeleka msomaji kwingine kabisa.

Uamuzi wa pili unatokana na huo. Faili inasema elimu inatolewa ili watoto waweze baadaye kujitunza wenyewe. Kwa Kiingereza ni kauli ya kawaida ya miradi. Kwa Kiswahili neno linalokuja lenyewe ni kujitegemea, na mara tu linapoandikwa, Azimio la Arusha na andiko la Nyerere la Elimu ya Kujitegemea, vyote vya 1967, vimeshaingia chumbani. Mtoto aliyekuwa mlengwa wa mradi anageuka raia mwenye dai. Mfasiri anaweza kulikwepa neno hilo, lakini kulikwepa nako ni tafsiri.

Uamuzi wa tatu ni wa ukoo. Kiingereza kina neno moja kwa ndugu wa kiume wa baba na wa mama, na faili inamtaja jamaa huyo kama mlezi wa yatima. Kiswahili kinadai tuchague kati ya mjomba na baba mdogo, ami au baba mkubwa. Tofauti si ya msamiati tu. Kwa jamii zinazofuata ukoo wa baba, kama Waganda, mtoto anayelelewa na baba mdogo amebaki kwa baba. Neno yatima nalo lina mipaka yake. Faili inamhesabu aliyepoteza mzazi mmoja pamoja na aliyepoteza wote wawili, hali katika matumizi ya Kiislamu yatima ni aliyefiwa na baba kabla ya kubaleghe. Idadi inayotolewa ingebaki ileile, lakini kinachohesabiwa kingebadilika.

Uamuzi wa nne ni wa njeo, na hapa uhakiki unagusa ukweli wa mambo. Faili inasimulia UKIMWI wa Rakai kwa wakati uliopo, ikikadiria kwamba kati ya asilimia 10 na 30 ya Waganda wana virusi, bila kutaja mwaka. Rakai kweli ndiko wagonjwa wa kwanza wa Uganda walikotambuliwa, mwaka 1982 katika mwalo wa Kasensero, na wilaya iliumia mno. Lakini utafiti wa kitaifa wa 2016–2017 ulikuta maambukizi ya watu wazima nchini yakiwa takribani asilimia 6. Kiingereza kinaruhusu wakati uliopo uning'inie bila tarehe. Mfasiri wa Kiswahili ana -na-, -me-, -li- na hu-. Akiandika inateseka, anathibitisha hali ya leo. Akiandika iliteseka, anasahihisha. Akiandika huteseka, ameifanya maradhi kuwa tabia ya mahali. Maelezo ya vitufe katika faili jirani yalirekebishwa kila toleo jipya lilipotoka, kwa kuwa kosa lingeonekana mara moja. Takwimu za watu zilikaa, kwa kuwa msomaji aliyekusudiwa hakuwa na njia ya kuligundua kosa.

Uamuzi wa tano ni wa mahali. Kwa mwandishi wa Kiholanzi, Kibaale ni huko. Kwa mfasiri wa Kagera ni hapo ng'ambo ya mpaka, na kwa mfasiri wa Rakai ni hapa. Viambishi vya mahali vya Kiswahili, pa-, ku- na mu-, pamoja na vionyeshi vyake, humlazimisha msemaji aonyeshe amesimama wapi. Hakuna namna ya kuitafsiri faili hii bila kusimama mahali fulani.

6.0 Hitimisho

Katika orodha ya anwani za wachangiaji, uganda.txt inalitaja shirika la Kanada linaloitwa Kuwasha. Katikati ya maelezo ya Kiingereza ya programu iliyoasisiwa na Mholanzi, hilo ni neno la Kiswahili, nalo limeingia kama jina la mtoaji. Hakuna tafsiri iliyowekwa pembeni yake. Msomaji aliyejengwa ndani ya matini hulipita. Msomaji wa Kiswahili husimama, kwa kuwa analisikia mara mbili: kuwasha taa, na kuwasha kwa upupu mwilini. Maana zote mbili zinaifaa faili hii. Michango iliyokusanywa kupitia skrini ya mwanzo imesomesha watoto, na hilo ni taa. Lakini kusimuliwa kwa miaka mingi bila kusemeshwa kunawasha.

Tumejaribu kuonyesha kwamba dirisha la maelezo lina adabu yake: nani anaruhusiwa kuuliza, kwa maneno gani, na anafikishwa wapi. Wataalamu wa istilahi wamekuwa wakiulizana neno la kila kitufe, na kazi hiyo haijaisha. Pamoja nayo tunapendekeza kazi nyingine, ya kuzisoma faili hizi kama tunavyosoma dibaji, wosia na tamati, kwa kuuliza nafsi ya pili ni nani. Dirisha lenyewe halibadilishwi kutoka ndani. Leseni iliyomo katika faili hiyohiyo inaruhusu programu ibadilishwe na kugawanywa kwa masharti yake. Aliyefika Uganda akitafuta ruhusa ya kunakili ameshapewa ruhusa ya kuandika, na aliyezaliwa Kibaale amepewa ruhusa hiyohiyo.